Kompyuta mini inachemka, inavuma au inazima: soma kwanza namna joto linavyopanda

Zile kompyuta za lita moja, unazoweza kuzibeba kwa mkono mmoja, sasa zimejaa kwenye maduka ya dawa, steshenari, mapokezi ya nyumba za wageni na ofisi za shule. Nyingi zimetufikia zikiwa zimeshatumika maofisini nje ya nchi: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini. Nyingine ni mpya za bei nafuu, zenye prosesa ya Intel N100. Zinakula umeme kidogo na hazijazi meza. Lakini udogo huo una gharama yake. Hitisinki, yaani chuma chenye mapezi kinachopokea joto la prosesa, ni nyembamba, feni kwa kawaida ni moja, na njia ya upepo ni finyu kama mdomo wa birika. Vumbi ambalo kompyuta kubwa ya mezani ingelivumilia miaka mingi, hii linaikaba koo mapema.

Malalamiko ninayopokea yanajirudia, na ndiyo niliyoyapanga hapa. Jambo linaloniuma ni kwamba wengi hufika wakiwa wameshatoa pesa: mmoja kanunua feni mpya wakati feni ya zamani ilikuwa nzima, mwingine kapaka pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, mara tatu wakati shida ilikuwa mahali alipoiweka mashine. Kwa hiyo kabla ya bisibisi, tupime.

Pima, kisha tazama joto limefikaje huko

Kwenye Windows weka programu ya HWiNFO. Kwenye Linux weka lm-sensors, kisha andika amri *sensors*. Zote ni za bure. Iache mashine dakika kumi bila kazi, uandike joto la prosesa kwenye karatasi. Andika na joto la chumba, maana hitisinki haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoizunguka. Mashine iliyo kwenye chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam mwezi wa Februari itasoma takribani nyuzi kumi zaidi ya mashine hiyohiyo ikiwa chini ya kiyoyozi cha nyuzi 22. Hiyo si hitilafu, ni hali ya hewa.

Sasa ipe kazi nzito. Fungua programu ya 7-Zip, ingia Tools, chagua Benchmark, uiache izunguke dakika kumi huku macho yako yako kwenye HWiNFO. Kwenye Linux amri *stress-ng --cpu 0* inafanya kazi hiyohiyo. Kwa mashine zenye prosesa za wati 35, zile ambazo jina lao linaishia na herufi T kama i5-7500T, mimi huridhika nikiona nyuzi 40 hadi 50 bila kazi, na 70 hadi 85 kwenye kazi nzito. Prosesa hizi zina kikomo cha kati ya nyuzi 80 na 100, kutegemea modeli. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi kuwa la hatari mashine hukata umeme ili isiungue.

Usiishie kwenye namba ya mwisho, tazama mwendo. Joto likiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu, joto halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye hitisinki: pesti imekauka, au hitisinki haijakaa sawasawa. Joto likipanda polepole, dakika baada ya dakika, hadi likafika 90 na ushei, basi hitisinki inapokea joto vizuri ila upepo hauliondoi: vumbi, feni au mahali ilipowekwa. Na kama mashine ni nzito lakini joto liko 50 tu, acha kabisa mambo ya feni, nenda moja kwa moja kwenye dalili ya tatu. Kipimo hiki hakikugharimu kitu, na kinaamua hatua zote zinazofuata.

Dalili ya kwanza: feni inavuma muda wote, hata mashine ikiwa haina kazi

Mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani, kazi ipo, ila huioni. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, panga orodha kwa safu ya CPU. Windows ikiwa inashusha masasisho, au programu ya kuzuia virusi inakagua diski, iache imalize. Ukikuta programu yenye jina usilolijua inakula asilimia 80 ya prosesa usiku na mchana, huenda ni programu haramu ya kuchimba sarafu za kidijitali iliyopenya kwa njia ya programu za wizi. Safisha hiyo kwanza, kwa sababu pesti hata iwe nzuri vipi haitakusaidia.

Sababu ya pili ni mahali. Tiny, Micro na Mini za HP huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Nimeikuta moja kwenye duka la dawa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kizuri, kilichofumwa kwa mkono, kama tunavyofunika redio na televisheni sebuleni. Nyuma yake ukuta, ubavuni stebilaiza yenye joto lake. Tulitoa kitambaa, tukaisogeza kiganja kimoja kutoka ukutani, na mvumo ukashuka tukiwa bado tumesimama pale. Ikiwa imefungwa nyuma ya skrini, ifungue siku moja ifanye kazi ikiwa mezani, ulinganishe joto. Ikiwa ndani ya kabati lenye mlango, hewa ileile ya moto inazunguka na kurudi puani kwake.

Sababu ya tatu ni vumbi, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe.

*Kuifungua na kuisafisha*

Zima mashine kwa utaratibu wake, chomoa adapta, chomoa waya zote, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Shika chuma cha kasha kabla hujagusa ubao mkuu wa ndani. Usifanyie kazi juu ya zulia wala kitanda. Tiny, Micro na Mini hufunguka kwa skrubu moja ya nyuma, kisha mfuniko unasogezwa mbele na kuinuliwa. Mashine za Intel NUC, kompyuta mini za Intel yenyewe, ni habari nyingine: ukifungua skrubu nne za chini unakutana na RAM na diski ya SSD, lakini feni iko upande wa pili wa ubao, na kuifikia ni lazima ubao wote utoke. Waya za antena za Wi-Fi kwenye NUC ni nyembamba na vichwa vyake vinang'oka kirahisi. Kama hujawahi kuzishika, NUC isiwe mashine yako ya kujifunzia.

Piga picha kila hatua. Skrubu zipange kwenye karatasi kwa mfuatano ulizozitoa.

Vumbi baya haliko pale unapoliona. Juu ya feni kutakuwa na ukungu mwepesi tu. Balaa liko ndani, pale feni inapopulizia kwenye mapezi ya hitisinki. Pale vumbi hujishona likawa kama kipande cha blanketi, na ukipuliza kwa nje unalikandamiza zaidi. Ndiyo maana mtu hupuliza, akaona vumbi limetoka, akafunga, na joto likabaki vilevile. Itenganishe feni na hitisinki. Kwenye Dell Micro nyingi feni hutoka kwa kubonyeza vishikizo viwili vya buluu pembeni na kuitelezesha. Kwenye nyingine utafungua skrubu. Kisha kibanzi kile kitoe kwa kibano au mswaki mkavu, ukifuata mwelekeo wa mapezi, usiyapinde.

Kabla ya kupuliza, zuia panga za feni kwa kijiti cha meno. Feni ikizungushwa na upepo wa kompresa inakwenda kasi ambayo beringi yake haikuundiwa, tena ikizunguka hivyo hugeuka jenereta ndogo na kusukuma umeme kwenye ubao. Kompresa ya gereji usiitumie kabisa, hutema maji na mafuta. Bloa ndogo ya mkono inatosha. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani iache mbali na ubao, bomba lake la plastiki hujaza umeme tuli.

Vumbi halifanani, na ukiliangalia litakwambia mashine iliishi wapi. La barabara ya udongo ni jekundu na jepesi, linatoka kwa brashi. La jikoni au la chumba kinachochomwa dawa ya mbu kila usiku lina mafuta, linanata, nalo linahitaji alkoholi ya isopropili. La mashine ya kusaga ni baya kuliko yote: unga ukipata unyevunyevu unageuka ugali, ukikauka unakuwa saruji. Mende nao hupenda joto la ndani, na kinyesi chao kikichanganyika na unyevu kinakula njia za shaba. Pwani, angalia pia kutu nyeupe au ya kijani kwenye miguu ya vifaa. Hiyo ni chumvi ya hewa ya bahari. Ukiiona karibu na prosesa au soketi ya umeme, simama. Usikwangue. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi mwenye darubini.

Dalili ya pili: inazima ghafla

Hapa uliza inazima lini. Wakati wa kuzima ndio unaokwambia sababu.

Inazima jirani akiwasha pasi, au taa zikipepesa? Huo ni umeme wa nyumba, si joto. Inazima sekunde mbili baada ya kuwashwa, tena muda mfupi baada ya mtu kuifungua? Hitisinki haijagusa prosesa, au plagi ya feni haijachomekwa. Inazima baada ya dakika ishirini za video au mkutano wa mtandaoni, ukiigusa kasha ni moto, ukingoja kidogo inawaka vizuri? Hilo ni joto, na Dell nyingi zitakiri zenyewe zikiwaka tena kwa maneno *Previous shutdown due to thermal event*.

Ikiwa ni joto, rudi kwenye kipimo. Kupanda polepole: safisha kama nilivyoeleza. Kuruka kwa ghafla: badili pesti.

Nunua pesti inayojulikana, isiyopitisha umeme. Arctic MX-4 na Noctua NT-H1 zinatosha kabisa kwa mashine hizi. Dawa ya meno usijaribu, hukauka ikapasuka. Pesti ya metali kimiminika nayo achana nayo: ina gali, metali inayokula alumini, na tone moja likidondokea ubao linaunganisha njia zisizopaswa kukutana. Ya kusafishia iwe isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kusafishia ngozi mara nyingi ina maji mengi, na baadhi hutiwa mafuta ya nyonyo, hivyo huacha utando ambao pesti mpya haishiki vizuri juu yake. Sanitaiza ya mikono ni hivyohivyo.

Washa mashine dakika tano kabla ya kuifungua ili pesti ya zamani ilainike, kisha izime na kuichomoa. Legeza skrubu za hitisinki kwa msalaba, kidogo kidogo. Ikigoma kutoka, ipindishe kulia na kushoto taratibu, usiivute juu. Onyo hili ni zito zaidi kwa mashine zenye prosesa za AMD za soketi AM4, kama Lenovo M715q na HP EliteDesk 705 Mini. Prosesa hizo zina miguu yake yenyewe, na pesti iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa pamoja na hitisinki huku soketi bado imefungwa. Miguu ikipinda, umepata kazi ya siku nzima au hasara kamili. Kwenye za Intel za soketi, pini ziko upande wa ubao. Usiitoe prosesa bila sababu, futa ikiwa palepale ndani ya soketi yake.

Futa kwa karatasi ya kuchujia kahawa au kitambaa kisichotoa nyuzi, mpaka chuma king'ae pande zote mbili. Weka tone la pesti ukubwa wa punje ya mchele katikati. Shusha hitisinki wima, kaza skrubu kwa msalaba mzunguko mmoja mmoja, mpaka ziishie zenyewe. Usilazimishe. Kwenye NUC na zile za N100 prosesa haina kofia ya chuma juu yake, ni kioo kitupu cha silikoni. Kona zake hukatika ukikandamiza upande mmoja kabla ya mwingine. Hapo pesti inatandazwa nyembamba ikafunika kioo chote.

Umebadili pesti, umesafisha, feni inazunguka vizuri, na bado joto linaruka? Gusa mapezi ya hitisinki kwa uangalifu wakati prosesa inasoma 95. Yakiwa ya uvuguvugu tu, huenda bomba la shaba la kusafirisha joto limepoteza kimiminika chake. Bomba hilo halilehemiwi wala halijazwi. Hitisinki nzima inabadilishwa.

Dalili ya tatu: imekuwa nzito

Joto likiwa 95 na HWiNFO ikaonyesha *Yes* mbele ya Thermal Throttling, umeshajua: yaliyotangulia yanakuhusu.

Joto likiwa 50 na kasi imeganda karibu na 0.8 GHz, angalia adapta. Dell, HP na Lenovo za siku hizi huitambua adapta kwa pini ya katikati au kwa waya wa utambulisho. Ukiweka adapta ya mtaani, au ya asili lakini yenye wati pungufu, au pini imepinda, mashine hukataa kuiamini na kujifunga kwenye kasi ya chini. Dell huonyesha ujumbe kwamba aina ya adapta haijulikani. Azima adapta ya asili yenye wati zinazolingana na zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, ujaribu dakika tano. Nimeona mashine imefanyiwa usafi mara mbili na kuwekwa Windows upya, kumbe kosa ni adapta. Adapta yenyewe usiifungue: kapasita za ndani hubaki na volti za kuua hata ikiwa imechomolewa. Ikinuka au kuvimba, itupe.

Kama adapta ni sahihi na joto liko sawa, huenda diski ndiyo inayochemka. SSD za M.2 zikipita nyuzi 70 hivi nyingi huanza kupunguza mwendo, na kwenye baadhi ya mashine hizi hukaa chini ya ubao ambako upepo ni haba. HWiNFO inaonyesha joto lake. Pedi ya joto, kipande laini kinachopitisha joto, kati ya SSD na kasha la chuma husaidia, mradi unene wake ujaze nafasi iliyopo bila kuikunja SSD.

Dalili ya nne: feni inakwaruza, inagonga au inapiga filimbi

Kugonga kwa mpigo sawasawa mara nyingi ni waya uliosogea ukaguswa na panga, au kijibanzi cha vumbi. Fungua, sogeza, kwisha. Filimbi nyembamba inayopanda na kushuka na kasi ya feni ni upepo unaopita kwenye tundu lililoziba nusu, yaani vumbi tena.

Kukwaruza, hasa asubuhi mashine ikiwa baridi, kisha kunapotea ikipata joto, ni beringi iliyokauka. Unaweza kuipa miezi ya ziada. Toa feni, bandua kibandiko cha katikati polepole. Chini yake ukikuta kizibo cha mpira au tundu la ekseli, weka tone moja la mafuta ya cherehani, tone moja kweli, zungusha kwa kidole, futa yaliyozidi, rudisha kibandiko. Ukikuta plastiki iliyofungwa moja kwa moja, acha, feni hiyo haifunguki. Mafuta ya kula na ya nazi yanaganda na kukusanya vumbi. Vile vya kopo vya kulegezea kutu huosha grisi iliyobaki na kukuacha na kelele mbaya zaidi baada ya wiki chache.

Feni ikichezacheza ukiitikisa kwa kidole, usiihangaikie, nunua nyingine.

Dalili ya tano: feni haizunguki, au skrini inaandika kosa la feni mashine ikiwaka

Lenovo nyingi huandika *0135*, Dell hutaja CPU fan. Kwanza zungusha panga kwa kidole, mashine ikiwa imechomolewa. Zikigoma, kuna kitu kimekwama au beringi imekufa. Zikizunguka laini, chomoa plagi ya feni na uichomeke tena. Plagi hizi ni ndogo na hulegea kila mashine inapofunguliwa. Tazama waya kama umebanwa na mfuniko. Jaribu kurejesha mipangilio ya kiwandani ya BIOS, ile programu ya ubaoni inayoiwasha mashine. Kwenye Lenovo kuna kipengele cha ICE kinachochagua kati ya utulivu na upoozaji. Kwenye miji ya joto mimi hukiweka upande wa upoozaji.

Ukinunua feni nyingine, usiende dukani na jina la mashine peke yake. Toa ile ya zamani uibebe. Linganisha namba ya kibandiko, volti, idadi ya waya na mpangilio wake kwenye plagi. Baadhi ya mashine ndogo hutumia feni za volti 5 na nyingine za volti 12, na plagi zinaweza kufanana kabisa. Rangi za waya nazo si za kuaminika, viwanda havikukubaliana. Feni yenye waya tatu ikikaa pahali pa waya nne inaweza kuzunguka kasi yote muda wote, maana waya unaoiamuru kasi haupo.

Feni mpya nayo ikikataa? Saketi inayoipa umeme ubaoni imekufa. Usiunganishe feni moja kwa moja kwenye USB ili mashine iendelee kufanya kazi huku BIOS ikilalamika. Watu hufanya hivyo, na siku waya huo ukichomoka mashine haina mlinzi. Mpelekee fundi wa bodi. Na wakati unasubiri, usiiwashe bila feni hata kwa kuchapa barua moja.

Kuhusu kusasisha BIOS: ni kweli masasisho mengine hurekebisha mwendo wa feni, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza kufa. Fanya ukiwa na UPS inayofanya kazi, na kama Windows imefunga diski kwa BitLocker, sitisha ulinzi huo kwanza na uwe na ufunguo wa kurejesha mkononi.

Dalili ya sita: imetoka kusafishwa, sasa joto limezidi

Usikate tamaa, mara nyingi ni kosa dogo. Kuna karatasi laini ya plastiki haikubanduliwa chini ya hitisinki mpya au kwenye pedi. Kuna skrubu moja haikukazwa, hitisinki imeinama upande. Kuna kile kifuniko cha plastiki cheusi kinachoelekeza upepo kwenye mapezi. Watu hukiona hakina maana wakakiacha mezani, na upepo wote ukapotelea pembeni. Kuna pedi iliyoachwa kwenye kitambaa cha kufutia, au iliyobadilishwa na nene zaidi. Hili la mwisho ni la hila: pedi ya milimita 1.5 mahali pa milimita 1 inainua hitisinki yote, prosesa inabaki bila mguso, na mtu anaongeza pesti, anaongeza pesti, haisaidii. Ondoa hitisinki uangalie alama ya pesti. Ikiwa imetandazika upande mmoja tu au imebaki tone, mguso haupo. Futa na uanze upya, pesti iliyokwisha kubanwa haitumiki mara ya pili.

Kama ni jioni na mashine inahitajika kesho, upo msaada wa muda kwenye Windows: katika mipangilio ya kina ya umeme, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Prosesa haitapanda kasi yake ya ziada, na joto hushuka wazi. Mashine itakuwa nzito kidogo lakini itamaliza kazi ya siku. Usiiache hivyo miezi ukasema imepona.

Kila ninapofunga mfuniko, hubandika kipande cha tepu ya karatasi kwa ndani: tarehe, joto la chumba, joto bila kazi, joto baada ya dakika kumi za 7-Zip. Mashine ya lile duka la dawa ina mistari minne sasa, na kwa kuisoma tu ninajua yao inahitaji brashi kila miezi minane, wakati ile ya kwenye mashine ya kusaga haivuki wiki ya kumi.